Jane Boleyn, Mpambe wa Malkia Watano

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 13 Februari 1542, wanawake wawili walikatwa vichwa ndani ya ngome ya Mnara wa London, mmoja baada ya mwingine, juu ya gogo lilelile. Wa kwanza alikuwa Catherine Howard, mke wa tano wa Mfalme Henry wa Nane, msichana aliyekaa kwenye umalkia kwa muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Wa pili alikuwa mpambe wake, mjane wa miaka kama 36 aitwaye Jane Boleyn, ambaye kasri nzima ilimjua kwa cheo alichoachiwa na marehemu mumewe: Lady Rochford.

Malkia yule msichana historia imemhurumia. Mpambe wake imembebesha kila aina ya uovu. Ameandikwa kuwa ni mke mwenye wivu aliyemsingizia mumewe kulala na dada yake wa tumbo moja, wifi aliyempeleka Anne Boleyn, mke wa pili wa mfalme, kwenye upanga, kisha kuwadi aliyemtafutia mke wa mfalme mwanamume na kusimama mlangoni usiku akilinda. Tamthilia na riwaya zimemrithisha sura hiyo kizazi hadi kizazi. Mimi naona sehemu kubwa ya hayo ni jumba bovu aliloangushiwa mtu ambaye hakubaki na wa kumtetea, na ile sehemu ndogo iliyo kweli haieleweki mpaka mtu ajue mpambe wa malkia aliishi vipi, na alikula kwa mkono wa nani.

Jane alizaliwa karibu na mwaka 1505. Siku yake haikuandikwa, kama ilivyokuwa kwa mabinti wengi wa zama zile, hata wa mabwana. Baba yake, Henry Parker, Lord Morley, alikuwa na makao yake Great Hallingbury katika jimbo la Essex. Alikuwa mtu wa vitabu, amelelewa katika nyumba ya Margaret Beaufort, bibi yake mfalme, na maisha yake yote alitafsiri maandiko ya Kilatini na Kiitaliano na kuwatunuku wakubwa. Picha ya Jane hatunayo. Upo mchoro wa Hans Holbein ulioandikwa jina la Lady Parker ambao watu hupenda kuuonyesha, lakini yaelekea aliyechorwa ni mke wa kaka yake.

Akiwa bado kigori alipelekwa kasri kumtumikia Catherine wa Aragon, mke wa kwanza wa mfalme. Familia za kikabaila ziligombea nafasi hizo kwa udi na uvumba, maana huko ndiko binti alikopata mume, na huko ndiko baba na kaka walikopata sikio la mfalme. Kasri ya wakati wa Tudor ilijengwa chumba nyuma ya chumba. Ukumbi wa nje ulijaa kila mwenye nguo safi, chumba cha baraza kiliwapokea wenye vyeo, na kadiri milango ilivyozidi ndivyo watu walivyopungua, hadi kufika chumba cha faragha ambako malkia alivuliwa, akaogeshwa na kulazwa. Wapambe wake ndio walioishi huko ndani. Asubuhi walimvika gauni kipande kwa kipande, kwa sababu mikono ya gauni ilishonwa mbali na ilibidi ifungwe kwa kamba na pini upya kila siku. Mchana walishona naye, wakacheza naye karata, wakambebea mkia wa joho akienda kanisani. Usiku mmoja wao alilala chumbani humohumo kwenye godoro la chini. Malipo yao yalikuwa chakula, mishumaa, kuni na malisho ya farasi, pamoja na zawadi za nguo. Malipo makubwa zaidi yalikuwa ule ukaribu wenyewe. Mpambe alijua malkia ameona hedhi lini, amelia kwa sababu gani, na mfalme alikuja usiku au hakuja.

Mara ya kwanza Jane kuonekana waziwazi ni tarehe 4 Machi 1522, katika tamasha la kabla ya Kwaresima nyumbani kwa Kadinali Wolsey, York Place. Ngome ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani ilisimamishwa ukumbini, na ndani yake wakawekwa wanawake wanane wenye mavazi ya atlasi nyeupe, kila mmoja akiwakilisha tabia njema. Dada wa mfalme alikuwa Urembo. Anne Boleyn, ambaye ndiyo kwanza amerudi kutoka Ufaransa, alikuwa Ustahimilivu. Jane, binti Parker, alipewa Uthabiti. Mfalme na wenzake wakaishambulia ngome kwa kurusha tende na machungwa, nao wanawake wakajibu kwa maji ya waridi na peremende. Hakuna aliyekuwa pale ambaye angeweza kuota kwamba wawili kati ya wasichana wale wangekuja kuuawa kwa amri ya kijana mchangamfu aliyekuwa akirusha machungwa.

Miaka miwili baadaye Jane akaposwa. Mume alikuwa George Boleyn, kaka yake Anne, kijana mwenye akili, mshairi, aliyependwa na mfalme. Hapa lazima nikae kidogo kwenye fedha, kwa sababu fedha hizi ndizo zitakazoyaongoza maisha ya Jane mpaka mwisho. Uingereza ya wakati huo mahari ilitoka upande wa bibi arusi, kinyume cha tulivyozoea sisi. Lord Morley alitakiwa kutoa maki 2,000, yaani zaidi ya pauni 1,300, kiasi kilichomzidi uwezo, na mfalme mwenyewe akachangia. Upande wa mume nao uliahidi masurufu ya ujane: George akifa kwanza, Jane atapewa maki 100 kila mwaka. Maki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni, kwa hiyo maki 100 hazikufika pauni 67. Kwa mahari ile, ahadi hii ilikuwa ndogo. Lakini nani angehangaika kupiga hesabu za ujane kwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye nyota yake inapanda?

Ikapanda kweli. Mfalme alimpenda Anne, akamtaliki Catherine, akavunja na Papa wa Roma. George akawa Lord Rochford mwishoni mwa 1529, na mkewe akawa Lady Rochford. Anne alipotawazwa tarehe 1 Juni 1533, Jane alikuwa wifi wa malkia. Alikuwa upande wake pia, na ushahidi wake upo. Mwaka uliofuata, mfalme alipoanza kumtupia jicho mwanamke mwingine pale kasri, Anne na Jane walipanga pamoja namna ya kumzushia ugomvi ili aondoke. Njama ikagunduliwa, na Jane ndiye aliyefukuzwa kasri kwa muda. Habari hizo alizipeleka kwao balozi wa Kaizari Charles wa Tano, Eustace Chapuys, mtu aliyewachukia Boleyn wote na asiyekuwa na sababu ya kuwapamba. Wifi anayekubali kufukuzwa kwa ajili ya wifi yake si adui yake.

Tarehe 2 Mei 1536, Anne na George wakakamatwa. Anne alishtakiwa kuzini na wanaume watano, mmoja wao kaka yake. Kesi zao zilisikilizwa tarehe 15 Mei ndani ya Mnara, mbele ya umati ambao Chapuys aliukadiria kuwa watu 2,000. Baba yake Jane, Lord Morley, aliketi miongoni mwa mabwana waliotakiwa kuhukumu. George alijitetea kwa ufasaha kiasi kwamba watu walicheza kamari kuwa ataachiwa. Kisha akapewa karatasi yenye shitaka ambalo hawakutaka litamkwe hadharani, akaambiwa ajibu ndiyo au hapana bila kulisoma kwa sauti. George akalisoma kwa sauti. Iliandikwa kwamba Anne alimwambia Jane kuwa mfalme hana nguvu za kiume.

Maneno hayo yaelekea kweli yalitoka kwa Jane. Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, alikuwa akiwahoji wapambe mmoja mmoja, naye alikuwa fundi wa kumfungua mtu mdomo. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba Jane ndiye aliyetunga tuhuma ya dada na kaka ni safari ndefu, na barua za wakati ule haziifiki. Chapuys alieleza kwamba tuhuma hiyo iliegemea tu kwamba kaka na dada waliwahi kukaa faraghani kwa muda mrefu. John Husee, wakala aliyekuwa akimwandikia bibi yake habari za London, aliwataja walioanza kumshtaki Anne: mke wa bwana wa Worcester, Nan Cobham, na msichana mmoja zaidi. Hakumtaja Lady Rochford. Hati ya ushahidi wa Jane dhidi ya mumewe haipo.

Kilichopo ni kitu kingine kabisa. William Kingston, mkuu wa Mnara, aliyekuwa akimwandikia Cromwell kila neno lililosemwa na wafungwa, aliandika kwamba Lady Rochford alimtumia mumewe salamu gerezani kumuuliza hali, akamwahidi kwamba atamwomba mfalme kwa ajili yake. George alishukuru. Barua hiyo iliungua pembeni karne mbili baadaye, lakini bado inasomeka. Nikiweka mizani barua hii upande mmoja na hadithi zote za mke mwovu upande wa pili, sioni kwa nini hadithi zishinde. Mwandishi wa mwanzo kumwita Jane mke mwovu kwa uwazi ni George Wyatt, aliyeandika karibu na mwisho wa karne ile, watu wote wa kisa hicho wakiwa wameshazikwa, wakati Elizabeth binti Anne yuko kwenye kiti cha enzi na kila mtu alihitaji mtu wa kulaumiwa asiyekuwa baba yake malkia.

George aliuawa tarehe 17 Mei, Anne siku mbili baadaye. Mali ya mhaini ilikuwa ya mfalme, kwa hiyo maofisa wakaingia na kuandika kila kitu, vyombo, matandiko, mavazi. Jane aliyekuwa wifi wa malkia akajikuta mjane asiye na mtoto, asiye na nyumba, mwenye ahadi ya maki 100. Alimwandikia Cromwell barua inayosikitisha kuisoma hata leo. Anajiita mjane maskini aliyebaki mkiwa. Anaomba vyombo na vitu vya mumewe ambavyo kwa mfalme ni vidogo lakini kwake ni vikubwa. Anamkumbusha kwamba mfalme na baba yake walitoa maki 2,000 kwa ajili yake, na kwamba kwa maki 100 itamwia vigumu kuishi.

Cromwell alimbana baba mkwe. Thomas Boleyn, aliyekuwa amepoteza watoto wawili kwa juma moja, akajibu mwezi wa Julai kwa shingo upande. Alisema angeongeza maki 50 ili jumla ifike pauni 100, na akifa yeye mjane apate zaidi. Kisha, kama mzee aliyechokozwa, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alipooa alikuwa na pauni 50 tu kwa mwaka, na mkewe alimletea mtoto kila mwaka. Baadaye, 1539, Thomas Boleyn akiwa ameshafariki, Bunge lilipitisha sheria ya kumhakikishia Jane ardhi za masurufu yake, ikiwemo Blickling katika jimbo la Norfolk.

Watu huuliza: kwa nini alirudi kasri? Iweje mwanamke akavue na kumvika nguo mwanamke aliyechukua nafasi ya wifi yake, katika nyumba ya mtu aliyemuua mumewe? Swali hilo huulizwa kana kwamba alikuwa na nyumba nyingine. Kurudi kwa baba kulimaanisha kuwa mzigo kwa baba aliyeshindwa mahari. Kuolewa tena kulihitaji mali. Kazi aliyoifahamu tangu utoto ilikuwa moja, na aliyeweza kumrudisha kwenye kazi hiyo, na kumlindia masurufu yake, alikuwa Cromwell, ambaye bila shaka alitarajia kupewa habari za chumbani. Akarudi. Jane Seymour, malkia wa tatu, alipofariki Oktoba 1537 baada ya kumzaa mwana wa mfalme, Lady Rochford alikuwa kwenye mazishi Windsor, akimbebea mkia wa joho Mary, binti mkubwa wa mfalme.

Malkia wa nne, Anne wa Cleves, aliwasili kutoka Ujerumani akaolewa Januari 1540. Mfalme hakumpenda hata kidogo. Ulipotafutwa ushahidi kwamba ndoa haikukamilika kitandani, walioletwa ni wapambe watatu: Lady Rutland, Lady Edgecombe na Lady Rochford. Walieleza kwamba walimtania malkia kuhusu ujauzito, naye akawaambia kwamba mfalme humbusu usiku, humuaga kwa maneno matamu, humbusu tena asubuhi, basi. Mazungumzo hayo ni laini mno, na Anne wa Cleves alikuwa hajakaa Uingereza miezi sita, Kiingereza chake bado kichanga. Wanahistoria wengi wanaona kwamba wapambe waliandikiwa la kusema. Jane alilisema. Ndoa ikavunjwa mwezi wa Julai, na mtalaka akapewa nyumba na mali akaishi vizuri. Kwa mara ya kwanza ushahidi wa mpambe haukumuua mtu.

Tarehe 28 Julai 1540 mfalme alioa tena, na siku hiyohiyo Cromwell akakatwa kichwa. Bwana harusi alikuwa na miaka 49, mnene, mwenye kidonda cha mguu kilichokuwa kikitoa usaha. Bibi harusi, Catherine Howard, alikuwa msichana wa utineja bado au ndiyo kwanza anautoka, binamu wa Anne Boleyn. Jane akawekwa chumbani mwake. Aliyekuwa akimkingia kifua hayupo tena, na riziki yake sasa iko mikononi mwa msichana ambaye angeweza kuwa mwanawe.

Catherine alianza kumpenda Thomas Culpeper, kijana mtanashati wa chumba cha mfalme. Alhamisi Kuu ya mwaka 1541 alimpa kofia ya mahameli yenye kipambo, akamwambia aifiche ndani ya joho mpaka afike kwake. Majira ya joto msafara mkubwa ukaelekea kaskazini, maelfu ya farasi na mahema 200, mfalme akienda kujionyesha kwa majimbo yaliyomwasi miaka mitano kabla. Katika safari ile kila kituo kilikuwa na nyumba mpya, yenye ngazi na milango isiyozoeleka, na kila kituo Lady Rochford alitangulia kuikagua milango ya nyuma.

Mwezi wa Agosti walifika Lincoln. Usiku, watu walipolala, malkia alipanda ngazi ndogo hadi chumba cha Jane, akifuatana na wapambe wawili wadogo, Margaret Morton na Katherine Tilney. Morton alirudishwa akalale. Tilney aliketishwa mahali pembeni pamoja na mtumishi wa Jane, asione anayeingia, na hakwenda kulala hadi yapata saa nane usiku. Chini, mlango wa nyuma ulikuwa umeachwa wazi. Mlinzi akapita na taa yake, akaukuta wazi, akaufunga kwa ufunguo na kuendelea na doria. Culpeper na mtumishi wake waliokuwa wamejibanza gizani wakaichokonoa kufuli mpaka ikafunguka. Jane baadaye alieleza kwamba usiku wa Lincoln yeye alikaa kando akasinzia, hadi malkia alipomwita. Nikifikiria hofu na uchovu wa kazi ile, usingizi huo nauamini.

Walikutana tena Pontefract, ambako malkia aliingiwa na shaka kwamba mfalme ameweka mtu wa kuvizia, na Jane akamtuma mtumishi wake kuangalia uani. Walikutana York pia. Ipo barua moja tu ya Catherine iliyobaki, mwandiko wake wa taabu, anayomwandikia Culpeper kwa shauku, na ndani yake anamwambia aje Lady Rochford anapokuwepo, kwa maana hapo ndipo atakuwa na nafasi.

Kwa nini Jane alikubali? Waliomchukia walijibu kwamba alifurahia uchafu. Mimi naona tuanze na hali yake. Angekataa amri ya malkia, angepoteza nafasi, na nje ya nafasi ile hakuwa na kitu zaidi ya masurufu yaliyopatikana kwa kupiga magoti. Angekwenda kumshitaki malkia kwa mfalme aliyelewa mapenzi, angeambiwa mzushi. Tena yeye, kuliko mpambe yeyote kasrini, alikuwa amejifunza linalotokea maneno ya chumba cha malkia yanapotoka nje ya mlango: mwaka 1536 maneno yalitoka, na mumewe akafa. Akinyamaza siku ya kwanza, siku ya pili ameshakuwa mshiriki, kwa sababu kuficha uhaini nako ni kosa. Hayo hayamsafishi. Alikuwa mtu mzima mbele ya msichana asiyejua hatari, na alikuwa na wajibu wa kusema hapana hata kama hapana hiyo ingemgharimu kazi. Alifungua milango usiku baada ya usiku, na waliokwenda kufa hawakuwa yeye peke yake.

Yaliyoangusha yote yalitoka kwingine. Mtu aitwaye John Lascelles alimpelekea Askofu Mkuu Cranmer habari za ujana wa Catherine kabla ya ndoa, na tarehe 2 Novemba 1541 Cranmer akaziandika na kumwachia mfalme karatasi katika kanisa la Hampton Court. Uchunguzi ukaanzia kwa Francis Dereham, mpenzi wa zamani, na Dereham ili kujinusuru akasema kwamba aliyemrithi ni Culpeper. Hapo Jane akakamatwa. Katika mahojiano kila mmoja alimsukumia mwenzake. Malkia alisema Jane ndiye aliyemshinikiza akutane na kijana. Culpeper alisema Jane ndiye aliyemchochea. Jane alisema alifanya alivyoagizwa, kisha akatamka neno lililowamaliza wote: kwa yote aliyoyaona na kuyasikia, anaamini Culpeper alilala na malkia. Wawili wenyewe walikana hilo hadi mwisho. Dereham na Culpeper waliuawa Tyburn tarehe 10 Desemba.

Siku ya tatu ya kifungo, kwa mujibu wa Chapuys, Jane alirukwa na akili. Sheria ya Uingereza haikuruhusu kumuua mwendawazimu, kwa hiyo mfalme akamtoa Mnarani na kumweka kwenye nyumba ya Lord Russell huko Strand, akamtuma daktari wake mwenyewe kumtibu. Apone ili auawe. Alipochelewa kupona, njia nyingine ikapatikana. Bunge lililokutana Januari 1542 lilitunga sheria kwamba mtu akikutwa na hatia ya uhaini kisha akapata wazimu, aadhibiwe hivyohivyo alivyo. Edward Coke, mwanasheria mkubwa wa karne iliyofuata, aliieleza sheria hiyo kuwa ya kikatili isiyo ya kibinadamu. Bunge hilohilo liliwahukumu Catherine na Jane kwa hati tu, bila kesi, bila shahidi kuhojiwa mbele yao. Hati ikapata idhini ya mfalme tarehe 11 Februari. Wakubwa wa ukoo wa Howard waliofungwa kwa kosa la kuficha habari za Catherine, pamoja na Tilney aliyekaa pembeni kule Lincoln, walisamehewa baadaye.

Siku mbili tu zilipita. Mfanyabiashara Ottwell Johnson, aliyeshuhudia, alimwandikia kaka yake aliyeko Calais kwamba wanawake wote wawili walikufa kifo cha Kikristo, wakikiri makosa yao na kuwaomba watu waliobaki wamtii mfalme. Jane alisimama pale akiona damu ya msichana aliyemvika nguo, na akazungumza kwa akili timamu. Maneno yanayonukuliwa mara nyingi, kwamba alikiri jukwaani kumsingizia George, hayamo katika barua ya Johnson. Yalizushwa miaka mingi baadaye. Wakamzika katika kanisa dogo la Mtakatifu Petro humohumo ndani ya ngome, ambako mumewe na wifi yake walikuwa wamelala tangu 1536.

Lord Morley aliendelea kuishi hadi 1556, na hakuacha neno la wazi juu ya binti yake. Baba wa mhaini hakuwa na ruhusa ya kuomboleza hadharani. Alifanya alichokijua. Kwa zawadi ya mwaka mpya wa 1543, ambao bado haukutimiza mwaka tangu Jane auawe, alimpelekea mfalme kitabu alichokitafsiri kutoka Kilatini cha Boccaccio, chenye habari za wanawake 46 mashuhuri wa kale. Katika hao yumo Polyxena, binti wa mfalme wa Troy, aliyechinjwa juu ya kaburi kulipia makosa ya wengine. Kitabu hicho kipo mpaka leo katika maktaba ya Chatsworth.